Kinachoshika Kijue Kuachia

Kemondo hakuna safari ya baiskeli isiyo na mlima. Mji umekaa ukingoni mwa Ziwa Victoria, kusini mwa Bukoba, njia ya kwenda Muleba. Ukitoka mwaloni na dagaa unapanda. Ukitoka vijiji vya juu na mikungu ya ndizi unashuka. Ndiyo maana fundi baiskeli wa huku hana budi kujua mambo mawili ambayo mwenzake wa nchi tambarare anaweza kuyapuuza: kupanda kunadai mguu, kushuka kunadai mkono. Mguu ndio injini, mkono ndio breki. Sasa mtu akiwa hana kimojawapo, afanyeje? Awekwe pembeni, au ni baiskeli inayopaswa kutiwa adabu?

Swali hili nililiona likijibiwa kwenye banda la fundi mmoja wa hapa kwetu. Banda lenyewe ni mabati machache juu ya miti, lakini kwetu ni gereji, ni baraza, na ni gazeti. Mwenye haraka huacha baiskeli yake akaenda zake. Sisi tusio na haraka hubaki kwenye benchi tukibishana kuhusu Simba na Yanga, bei ya kahawa, na kama meli ya Mwanza itawahi. Fundi mwenyewe hana maneno mengi. Sifa yake kubwa ni kwamba haanzi kazi mpaka akuone umekaa juu ya baiskeli yako.

Alifika kijana mmoja kwa magongo. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekatwa juu ya goti baada ya ajali ya pikipiki. Zamani alikuwa mchuuzi wa dagaa: alfajiri yuko mwaloni, anafunga gunia kwenye keria, anapandisha vijijini. Tangu ajali biashara ilikuwa imelala, kwa sababu nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ilimeza faida yote.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

“Nataka nirudi kwenye baiskeli.”

Benchi zima likanyamaza. Kisha mzee mmoja, kwa huruma kabisa, akamwambia: “Mwanangu, si utafute ile ya magurudumu matatu, ya kuzungusha kwa mikono?” Kijana akacheka. Alishapewa moja na wafadhili, akasema, ipo nyumbani, kuku wanatagia humo. Baiskeli ile ni pana, na kwao kunafikiwa kwa kijia kinachopita katikati ya migomba. Inabidi aiache barabarani amalizie kwa magongo, huku gunia likisubiri mtu wa kulibeba. Na mlimani, mikono iliyokwisha kuchoka kwa magongo ndiyo hiyohiyo inayodaiwa kusukuma mzigo.

Fundi hakuuliza mguu ulikatikaje, wala hakutoa pole ndefu. Alimkalisha kwenye kigoda, akamwambia avue kiatu, akapima mguu wa kulia kutoka nyonga hadi kisigino. Kisha akauweka unyayo kwenye kiganja chake. “Sukuma.” Kijana akasukuma, fundi akayumba. Akaushika mguu kwa juu, karibu na vidole. “Haya, sasa vuta.” Akavuta. Fundi akatikisa kichwa kuridhika. “Kusukuma unawashinda hawa wote wa kwenye benchi. Kuvuta bado, lakini kutakuja.”

Macho yetu sote yalikuwa kwenye mguu usiokuwepo. Fundi alikuwa anapima uliopo. Kila nikitafakari yaliyofuata, naona yote yalianzia hapo.

Baiskeli tunayoizoea imejengwa juu ya mapatano ya miguu miwili: mmoja ukisukuma chini, mwenzake unapandishwa bure. Mwenye mguu mmoja hana wa kupatana naye. Pedali ikishafika chini hakuna kinachoirudisha juu. Kwenye tambarare baiskeli huendelea kuserereka wakati mguu unapanda, lakini mlimani pengo hilo dogo linatosha kuisimamisha, na baiskeli iliyosimama huanguka.

Fundi aliliziba pengo kwa njia mbili. Kwanza alifungua pedali ya kushoto, kwa kuizungusha kinyume na tunavyofungua nati nyingine, maana ya kushoto imekatwa hivyo makusudi isije ikajifungua yenyewe njiani. Mahali pake akafunga kipande cha chuma kizito. Mguu wa kulia unaposukuma, chuma kinapanda. Chuma kinaposhuka, mguu unapandishwa. Wataalamu wa mazoezi ya viungo katika nchi zenye maabara hutumia mbinu hiyohiyo, uzito upande wa pili, kumwezesha mtu kukanyaga kwa mguu mmoja. Fundi wetu aliifikia kwa kuigeuza baiskeli miguu juu, kuzungusha pedali kwa mkono, na kukaa akiitazama.

Pili, alichukua katambuga kuukuu, akaifunga kwa boliti juu ya pedali ya kulia na kuitilia ukanda wa tyubu, ili unyayo ukishuka usukume na ukipanda uvute. Hapo ndipo ubishi ulipozuka. Mmoja wetu alisema ukanda peke yake hautoshi. Mguu ufungwe kwa kamba, uwe imara. Fundi akainua uso. “Akianguka je?” Akatuonyesha sehemu ya kisigino, ambayo alikwisha kuikata. Mguu ukivutwa juu, ukanda unaukamata. Ukivutwa nyuma, unachomoka. Ndipo akasema maneno ambayo sijayasahau: “Kinachoshika kijue kuachia.”

Yaliyobaki yalikuwa hesabu. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja husogea kama mita 2.2. Gia ya mbele ikiwa na meno 44 na ya nyuma 18, mzunguko mmoja wa pedali unakupeleka zaidi ya mita 5. Ukiweka ya nyuma yenye meno 22, unakwenda mita 4.4 tu, lakini unakanyaga kwa wepesi zaidi. Fundi akafunga gia kubwa nyuma, akaongeza pingili za mnyororo, akashusha tandiko ili mguu wa kulia ukanyage ardhi bila baiskeli kulala, kisha akachomelea vipande viwili vya bomba kando ya keria vya kubebea magongo. Kijana alipotoka kujaribu alirudi akilalamika kwamba chuma ni kizito mno, kinamtupa. Kikakatwa. Akajaribu tena, akasema sasa kimepungua kupita kiasi. Kikaongezwa nati na boliti mpaka akaridhika. Fundi hakubishana naye hata mara moja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mtu aliyelala humo akisema wapo, kazi yako ni kuinua godoro.

Wapo watakaosema baiskeli ya namna hiyo si ya kawaida. Ya kawaida ni ipi? Mwaka 1655, karibu na Nuremberg katika Ujerumani ya leo, fundi saa mmoja aliyeitwa Stephan Farffler, ambaye miguu yake ilikuwa imepooza, alijiundia kigari cha magurudumu matatu alichokiendesha kwa kuzungusha mkono. Karl von Drais alikuja kukionyesha chombo chake cha magurudumu mawili, babu wa baiskeli zetu, mwaka 1817, na hata hicho hakikuwa na pedali. Mpandaji alisukuma ardhi kwa miguu yake. Chombo cha asiyeweza kutembea kilimtangulia babu wa baiskeli kwa zaidi ya miaka 160. Baiskeli ya Phoenix iliyoegemezwa ukutani kwako nayo ilipimwa kwa mwili wa mtu fulani: mwenye kimo cha wastani, miguu miwili na mikono miwili. Wewe imekukaa, ndiyo maana hujawahi kufikiri kwamba kuna mtu aliyepimwa.

Barani kwetu yupo Emmanuel Ofosu Yeboah wa Ghana, aliyezaliwa mwaka 1977 akiwa na mguu wa kulia wenye kasoro. Aliliandikia shirika la Challenged Athletes Foundation la Marekani akaomba baiskeli, na mwaka 2001 akaivuka nchi yake, kilomita zipatazo 600, akikanyaga kwa mguu wa kushoto tu. Safari hiyo ilitengenezewa filamu mwaka 2005, na mwaka uliofuata Ghana ikapitisha sheria ya watu wenye ulemavu. Watu humsifu kwa umbali alioupiga. Mimi huvutiwa zaidi na lile ombi lake. Alijua anachotaka, akakitaja kwa jina, na aliyemsaidia akampa kile alichokitaja.

Hapa jirani kuna Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, mji ulioipa Afrika Mashariki bodaboda za kwanza, enzi ambazo bodaboda ilikuwa baiskeli. Watu wenye ulemavu wa miguu, wengi wao kwa sababu ya polio, walizigeuza baiskeli za magurudumu matatu kuwa vyombo vya kuvushia bidhaa mpakani. Mafundi waliwapanulia nafasi ya mizigo, wenyewe wakajiunga katika umoja, wakawa wachukuzi wanaotegemewa. Watafiti Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda waliandika habari zao mwaka 2007. Kwa hiyo chombo kilekile ambacho kwa kijana wetu kimekuwa kiota cha kuku, Busia kimesomesha watoto. Hakuna aliyekosea kukiunda. Busia kuna barabara pana, mwendo mfupi na biashara ya mpakani. Kwetu kuna vijia vya migombani na mlima. Anayetaka kusaidia hana budi kupima vitu vitatu kwa pamoja: mwili wa mtu, njia anayopita, na kazi anayokwenda kuifanya. Ukiruka kimoja, umewafugia watu kuku.

Sasa tushuke mlima, maana kushuka nako kuna elimu yake.

Yupo binti mmoja wa sekondari aliyezaliwa mkono wake wa kushoto umeishia chini kidogo ya kiwiko. Kupanda kwake si neno. Anarudi jioni akiimba. Shida yake ni asubuhi, anapoteremka kwenda shuleni. Baiskeli zetu nyingi zina breki za vyuma, kila mkono na breki yake, na mwenye mkono mmoja anabakiwa na moja. Ikiwa iliyobaki ni ya mbele, akiibana ghafla mteremkoni uzito wote hukimbilia mbele, gurudumu la nyuma linanyanyuka, na anarushwa juu ya usukani. Halafu kuna mvua. Ukanda wa Bukoba hupata kama milimita 2,000 kwa mwaka, na rimu ya chuma iliyolowa huteleza kwenye raba za breki. Unabana, na baiskeli inaendelea na safari zake.

Alikuja na mama yake. Mama alikuwa na uamuzi wake tayari: mtoto atembee kwa miguu kama wengine wasio na baiskeli, asije akamfia barabarani. Hofu ya mzazi si jambo la kudharau, na fundi hakuidharau. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia binti. “Na wewe mwanangu, unaogopa nini?”

“Siogopi kuanguka,” akasema. “Naogopa kufungwa mkono.”

Kumbe kuna mtu alishawahi kumshauri akifunge kigutu kwenye usukani kwa kitambaa. Alijaribu, akaona kwamba baiskeli ikilala, yeye anakwenda nayo. Hilo mama hakuwa amelisikia, na sisi kwenye benchi tusingelijua hata tungekaa mwaka mzima. Fundi akalichukua jibu lile akalijengea. Alikata bomba pana kwa urefu, akalivika sponji na kitambaa, akalifunga kwenye usukani likiwa wazi upande wa juu. Kigutu kinaegemea humo na kuongoza. Kikitaka kutoka, hakiombi ruhusa kwa mtu.

Kwa breki alitafuta gurudumu la nyuma la baiskeli ya mtumba, lenye breki ndani ya habu, ile inayokamata ukikanyaga pedali kinyumenyume. Breki hiyo haijali rimu imelowa au imekauka, kwa sababu kazi yake inafanyika ndani, mbali na matope. Ina masharti yake, hata hivyo. Ubavuni mwa habu kuna mkono mfupi wa chuma ambao lazima ukazwe kwenye fremu. Ukiachwa umelegea, siku utakapokanyaga kinyume mkono ule utazunguka, na breki haitakamata. Na mnyororo ukikatika, breki hiyo imekufa. Kwa hiyo fundi aliibakiza breki ya mbele kwa mkono wa kulia, akamfundisha binti utaratibu: miguu ianze, mkono ufuate taratibu. Walikwenda kujifunzia kwenye mteremko mfupi kabla ya kuuvamia mrefu. Mama alisimama chini akiwa ameshika kiuno. Binti alipofika na kusimama mbele yake, mama hakumsifu. Alisema tu, “Rudia nione,” na hiyo kwa mzazi wa Kihaya ni ruhusa.

Niliporudi nyumbani siku hiyo nilimkuta mama yangu mzazi amekaa barazani. Alikuwa amepata kiharusi, mkono wake wa kulia ukabaki dhaifu, na watu wa nyumbani kwa nia njema walikuwa wameamua apumzike jikoni. Anayeijua nyumba ya Kihaya ataelewa uzito wa uamuzi huo. Kumenya ndizi kwetu ni kikao. Pale ndipo habari za ukoo zinapopita, ndipo mkwe anaposemwa na kutetewa. Mama aliyeondolewa kisu ameondolewa na maneno. Nikafanya kama nilivyomwona fundi akifanya. Nikamuuliza anataka nini.

Hakuhitaji muda wa kufikiri. “Nataka kitu cha kunishikia ndizi. Kumenya nitamenya mwenyewe.”

Tulichukua ubao, tukapigilia misumari kutokea chini ili ncha zitokeze juu. Ndizi inachomwa pale, inatulia, na mkono wa kushoto unapitisha kisu. Akaijaribu, akasema misumari ni mirefu, ndizi haitoki. Ikafupishwa. Kumbe sheria ni ileile: ndizi ishikwe inapomenywa, ichomoke ikishamenywa. Mama akarudi kwenye kikao chake, na mkwe akaanza kusemwa upya.

Tangu hapo nimekuwa nikilipima neno la fundi katika mambo mengine, na mara nyingi nimeona linakaa. Mtoto hushikwa mkono ajifunze kutembea, na mzazi asiyejua kuuachia anamlea mtu mzima asiyeweza kuvuka barabara. Mkopo hukushika usianguke. Ukikosa mlango wa kutokea, unakuwa kamba. Hata urafiki. Wapo watu waliotusaidia siku ya shida na hadi leo hawajatoa mkono begani petu. Kila tukigeuka wanatukumbusha. Na upande wa pili, wapo waliotuachia mapema mno kabla hatujapata mwendo, wakasema walitaka tujitegemee. Kuachia si kutupa. Ule ukanda wa tyubu ulimshika kijana sawasawa kwa muda wote aliouhitaji, na uliachia pale tu mguu wake wenyewe ulipoomba.

Tena kipimo hakidumu. Kigutu kipya hupungua uvimbe na kubadilika umbo katika miezi ya mwanzo, ndiyo maana kikombe cha mguu bandia kilichokaa vizuri leo huja kulegea na kutengenezwa upya. Mafundi wa viungo bandia wanaosomea TATCOT, chuo kilichoko katika hospitali ya KCMC mjini Moshi na kilichoanza mwaka 1981, ambacho kimefunza watu wa nchi nyingi za Afrika, wanalijua hilo vizuri: mtu hapimwi mara moja ikaisha. Binti yetu naye anakua. Bomba lake litakuwa fupi, tandiko litataka kupandishwa. Msaada unaotolewa mara moja, ukapigwa picha na kuagwa, humkuta mwenye mwili amekwisha kuwa mtu mwingine.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika, nasi tumezoea kuutumia usemi huo kwa kutishana: usimcheke mwenzio, kesho ni wewe. Onyo hilo ni la kweli. Bodaboda zinatukumbusha kila wiki, na uzee hautabakisha mtu. Lakini ndani ya usemi huo naona pia kazi ya kufanya. Ikiwa sote bado tunaumbwa, basi baiskeli, ngazi, vyoo vya shule na viti vya basi visidai kwamba vimekwisha kukamilika. Navyo viendelee kuumbwa pamoja nasi.

Kwetu hapa hatuna kisingizio cha kuogopa chuma. Miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt na wenzake walifukua hapahapa Kemondo mabaki ya matanuru ya kuyeyushia chuma ya karne za mwanzo baada ya Kristo. Wazee wa Kihaya waliokuwa bado wanaikumbuka kazi hiyo walijenga tanuru upya: mivukuto, mirija ya udongo ya kupitishia hewa, na shimo lililotiwa majani ya kinamasi yaliyochomwa. Mwaka 1978 Schmidt na Donald Avery walichapisha matokeo yao katika jarida la Science, na wasomi wa nje wakashangaa. Watu wa mwambao huu wamekuwa wakikifanya chuma kimtii mtu kwa muda unaokaribia miaka 2,000. Itakuwa aibu sisi wajukuu wao tumpinde mtu ili akitii chuma.

Haya yote yasiishie kwenye wema wa fundi mmoja. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana, na 2 ya watu wenye ulemavu. Wachuuzi wa dagaa wenye ulemavu wakiunda kikundi, fedha hizo zinaweza kununua baiskeli na kumlipa fundi wa kuzirekebisha. Nasisitiza kumlipa. Kazi ya kupima, kukata, kurudia na kurudia tena ni kazi ya mchana kutwa, na fundi anayeambiwa kila mara kwamba anapata thawabu siku moja atashindwa kununua vijiti vya kuchomelea. Kijana wetu alilipa kidogokidogo, kwa fedha na kwa dagaa, na fundi akapokea bila kujifanya hataki. Heshima ilikuwa ya pande zote mbili: mmoja alikuwa mteja, mwingine mwenye kazi yake.

Nisitie chumvi. Kijana hapandi kila mlima. Kuna kipande kikali ambacho hata wenye miguu miwili hushuka na kukokota, na yeye hapo humpa mtoto wa jirani pakiti ya dagaa amsukumie kwa nyuma. Hakuna aliyemwona amepungukiwa kwa hilo. Kujitegemea kwetu hakujawahi kuwa na maana ya kufanya kila kitu peke yako; hata jirani anayekusaidia kuvuna kahawa hujamwita mlezi wako.

Baada ya muda alirudi bandani, mguu umenenepa kwa mazoezi, akamwambia fundi kwamba kile chuma cha kushoto sasa kinamchelewesha, kipunguzwe. Fundi hakuuliza kwa nini, wala hakukumbushia jinsi alivyohangaika kukitafuta. Alimshukuru kwa Kihaya, “Kasinge waitu,” akachukua msumeno.

Tangu siku hiyo nina kipimo cha msaada wowote ninaoutoa. Shukrani sizihesabu, maana anayekuhitaji atakushukuru hata kwa kitu kinachomuumiza. Naangalia kama mtu yule anaweza kuja kwangu akaniambia punguza, sogeza, au ondoa, bila kuogopa kwamba nitanuna. Akiweza, nimesaidia. Asipoweza, nimemfunga kwa kamba nzuri.